Chemirocha wa Kericho: Sauti Iliyokuja Bila Uso

Sisi wakaazi wa Mombasa tunaijua Kericho kwa harufu kabla ya kuijua kwa macho. Chai yake hushuka na malori mpaka kwenye maghala yetu, huonjwa na kuuzwa katika mnada ulioko mjini mwetu, kisha hupakiwa melini ikaenda Pakistan, Misri na Uingereza. Mimi nimeinywa chai hiyo na mahamri tangu utotoni, bila ya kujua mche wake una umbo gani. Juzi ndipo nilipopata nafasi ya kuifuata kule itokako, nikiwa nimefuatana na binamu yangu ambaye kazi yake ni kusimamia mizigo ya chai.

Tulifika Kericho mvua ikinyesha, kama ilivyo ada ya mji ule wakati wa alasiri. Tukaingia katika hoteli moja karibu na stendi ili tujipashe moto. Ukutani palikuwa na televisheni. Ndani yake vijana wa Kizungu wenye nywele ndefu walikuwa wakipiga magitaa ya umeme. Mmoja akiruka jukwaani, mwingine akizipiga ngoma kama mwenye ugomvi nazo, na uso wa mwimbaji ukiletwa karibu hata ungeweza kumhesabu meno. Ilikuwa ni ile miziki yao ya roki. Lakini sauti ya televisheni ilikuwa imezimwa. Sauti iliyojaa mle hotelini ilitoka katika redio iliyowekwa juu ya kabati la maandazi, nayo ilikuwa ikiimba Kikipsigisi, kwa gitaa jembamba la benga. Basi mdomo wa Mzungu ukifunguka, anayesikika ni mwana wa Bomet.

Nilimwuliza mwenye hoteli, mama wa makamo, kwa nini asizime kimojawapo. Akacheka. "Mzee," akaniambia, "picha ni ya wageni, sauti ni ya kwetu. Mteja atachagua mwenyewe."

Yamkini mama yule alitaka tu kunijibu upesi ili arudi jikoni. Lakini jibu lake lilinikaa kichwani safari nzima, kwani nchi ile ya chai, kutoka Kericho hadi Bomet, ina kisa chake mashuhuri juu ya jambo lilo hilo: nini hutokea pale sauti na sura zinapoachana njia. Kisa chenyewe ni cha Chemirocha, nami nataka kukieleza leo kwa sababu nadhani kinatuhusu sisi wa Pwani zaidi kuliko tunavyofikiri.

Palikuwa na mwimbaji wa Kimarekani aitwaye Jimmie Rodgers, mzaliwa wa Meridian, jimbo la Mississippi, mwaka 1897. Alikuwa mfanyakazi wa reli, wa kufunga breki za gari moshi, mpaka kifua kikuu kilipomdhoofisha. Mwaka 1927 alirekodi nyimbo zake za kwanza katika mji wa Bristol, Tennessee, na kwa muda mfupi santuri zake zikaenea. Uimbaji wake ulikuwa wa gitaa na sauti ambayo huvunjika ghafla ikapanda juu na kushuka, mfano wa wachungaji wanaoitana kutoka kilima hadi kilima. Alifariki mwaka 1933 akiwa na umri wa miaka 35 tu. Wanamuziki wa roki humhesabu miongoni mwa mababu zao. Mwaka 1986, jumba lao la kumbukumbu huko Marekani lilipoanza kuwaenzi wanamuziki, yeye alikuwamo katika kundi la kwanza kabisa.

Santuri hazina pasipoti. Za Rodgers zilivuka bahari, zikafika Kenya, zikapanda hadi kwa Wakipsigisi. Husimuliwa kuwa ni wamishenari wa Kiingereza waliopeleka gramafoni huko. Vyovyote iwavyo, watu walisikia kutoka ndani ya sanduku sauti ya mtu asiyeonekana, akiimba kwa lugha isiyojulikana, na kuvunja sauti kwa namna ambayo wachunga ng'ombe hawakuiona ngeni. Jina lake nalo likalainishwa ndimini. Jimmie Rodgers akawa Chemirocha, jina ambalo masikioni halina ugeni wowote, kwani mwanzo wake ni ule ule wa Chebet na Cheruiyot.

Mwaka 1950 alifika Kapkatet mtafiti wa muziki, Hugh Tracey, mzaliwa wa Uingereza aliyefanya makao yake kusini mwa Afrika, akizunguka na mitambo ya kunasia sauti. Wakati huo Bomet ilikuwa bado ni sehemu ya wilaya ya Kericho. Tracey alinasa nyimbo tatu zenye jina hilo la Chemirocha. Ile ya tatu iliimbwa na binti aitwaye Chemutoi Ketienya pamoja na wasichana wenzake, wakifuatwa na kinubi chao cha chepkong, ambacho ni ndugu wa nyatiti ya Wajaluo. Wimbo ni mfupi, na sauti za wale mabinti ni laini hata mtu hupenda kuurudia. Na hiyo ndiyo iliyosafiri, ikasikilizwa Ulaya na Marekani na watu ambao hawawezi kuionyesha Kapkatet kwenye ramani.

Sasa, ndugu msomaji, tuiweke sauti hiyo kando, tuitazame picha.

Mwaka 1929 Jimmie Rodgers alipigwa filamu fupi huko Camden, New Jersey, iitwayo The Singing Brakeman. Haizidi dakika kumi, na ndani yake mna nyimbo tatu. Wengi huitaja kuwa miongoni mwa mababu wa filamu hizi za nyimbo ambazo vijana wetu huzitazama mchana kutwa katika simu zao. Mahali ni mkahawa mdogo kando ya reli. Yumo mwanamume mwembamba aliyevaa mavazi ya kazi ya reli. Wamo na wanawake wawili, nao wanamwomba aimbe. Anaketi, anapakata gitaa, anaimba. Kamera haina papara. Humkalia mbele na kumngoja amalize, kama mgeni mwenye adabu.

Tujiulize filamu ile inasema nini mbali na nyimbo zenyewe. Inasema kwamba mtu huyu ni mfanyakazi, si bwana mkubwa. Inasema kwamba anatabasamu hata anapoimba mashaka. Inasema kwamba ni Mzungu wa kusini mwa Marekani, na kwamba yuko kwao, miongoni mwa watu wanaomjua. Vazi lile limechaguliwa makusudi: miaka hiyo alikuwa tayari ni nyota wa santuri, na reli alikwisha iacha. Basi picha haikuonyesha jinsi alivyo, bali jinsi ilivyotakiwa akumbukwe. Na jambo la mwisho, dogo lakini ndilo ninalolitaka: filamu ile inamwonyesha kuwa ni mtu kama watu, mwenye miguu ya binadamu.

Kwani Chemirocha wa Kapkatet hakuwa na miguu hiyo. Kwa maelezo aliyoyaandika Tracey, wasichana walimwimba mtu aliye nusu mtu nusu paa, wakimhimiza acheze ngoma ya kurukaruka ya Kikipsigisi mpaka nguo zimvuke. Yaani sauti ilikuja bila mwili, nao wakaitungia mwili. Hawakumpa mwili wa mhindi wa reli wala wa mlowezi wa shamba la chai waliyekuwa wakimwona kila siku. Walimpa mwili wa mchezaji ngoma hodari kupita kiasi, mwenye wepesi wa paa. Filamu ile ya Camden ingefika Kapkatet kabla ya santuri, Chemirocha asingezaliwa.

Wataalamu wa elimu ya vyombo vya habari wana maneno yao juu ya mambo haya. Marehemu Profesa Marshall McLuhan wa Kanada, katika kitabu alichokitoa mwaka 1964, alisema kwamba chombo chenyewe ndicho ujumbe. Maana yake ni kwamba kile kinachobeba habari hubadilisha maisha ya watu kuliko habari iliyobebwa, kama vile lori na barabara zilivyoibadili Kericho kuliko gunia moja la chai. Aligawa vyombo mafungu mawili. Viko vya moto, ambavyo huijaza hisi moja ya mtu kwa ukamilifu, asiachiwe kazi ya kufanya. Na viko vya baridi, ambavyo hutoa kidogo, mpokeaji akalazimika kujazia mwenyewe. Redio na sinema aliziweka katika moto. Simu na televisheni akaziweka katika baridi.

Hapa mimi, kwa heshima zote, namkatalia Profesa. Sauti ya gramafoni ilikuwa moto kwa mtu wa Mississippi aliyeyaelewa maneno yote na kuijua reli. Santuri ile ile, ilipozungushwa Kapkatet, ilikuwa baridi kabisa: uso haupo, lugha haieleweki, nchi ya mwimbaji haijulikani. Kilichobaki ni sauti, na nafasi kubwa ya kujazia. Kumbe moto na baridi haviko katika chombo peke yake. Viko pia katika yule aketiye mbele ya chombo.

Mwenziwe, Stuart Hall, mzaliwa wa Jamaica aliyefanya kazi katika Chuo Kikuu cha Birmingham, aliliona jambo hili vizuri zaidi katika maandishi yake ya mwaka 1973. Alisema kwamba mtumaji hufunga furushi kwa namna yake, na mpokeaji hulifungua kwa namna yake. Mpokeaji mmoja hulikubali lote kama lilivyofungwa. Wa pili hukubali baadhi na kuchanganya na ya kwao. Wa tatu hulikataa na kulisoma kinyume. Wasichana wa Kapkatet walikuwa wa namna ya pili, tena mafundi. Na yule mama wa hoteli pale stendi ya Kericho, aliyezima sauti ya roki na kuifungua ya kwao, sijui nimweke fungu gani. Labda Hall mwenyewe angemwomba kikombe cha chai na kumwuliza.

Mpaka hapa kisa ni cha kufurahisha. Lakini kina upande wa pili.

Tracey alipoutoa wimbo ule katika mkusanyiko wake wa santuri, aliandika maelezo kwamba mwimbaji huyu wa ajabu amegeuzwa kuwa kama Pan wa kienyeji. Pan ni mungu wa Wayunani wa kale, mwenye miguu ya mbuzi. Tangu siku hiyo dunia imekuwa ikirudia habari kwamba kuna kabila Afrika ya Mashariki lililosikia santuri likamwabudu mwimbaji wake.

Sisi ni watu tunaojua uzito wa neno hilo. Kumtungia mtu miguu ya paa katika ngoma ya wasichana ni mzaha. Kumfanya mungu ni jambo jingine kabisa. Wakipsigisi walikuwa na jina lao la Mungu, Asis, tangu kabla gramafoni haijaundwa, wala hawakuhitaji kusaidiwa na kampuni ya santuri. Na huyo Pan, nani alimjua Kapkatet? Anajulikana na wanafunzi wa shule za Kiingereza waliosomeshwa hadithi za Wayunani. Basi Tracey naye alisikia wimbo usio wa lugha yake, akaona pana pengo, akalijaza kwa kilichokuwamo kichwani mwake. Alifanya yale yale waliyoyafanya wasichana. Wao walimchora Rodgers kwa paa wa porini kwao. Yeye aliwachora wao kwa mungu wa vitabu vya kwao.

Tofauti ni moja tu. Mchoro wa wasichana uliitwa ushirikina, na mchoro wa mtafiti ukaitwa elimu. Sababu si kwamba mmoja ni wa kweli kuliko mwingine. Sababu ni kwamba mmoja uliimbwa, na mwingine ulichapwa kwenye jalada.

Sitaki kumdhulumu marehemu. Tracey alifanya kazi ambayo serikali zilizokuwapo hazikuijali. Jina la Chemutoi Ketienya tunalijua leo kwa sababu yeye aliliandika. Maktaba ya muziki aliyoianzisha mwaka 1954, ambayo sasa iko katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini, ilizitunza nyimbo zile zisioze. Na kati ya mwaka 2014 na 2015 maktaba hiyo, ikisaidiana na Ketebul Music ya Nairobi, ilizirudisha rekodi kwa wenyewe, na akapatikana hata mzee mmoja aliyekuwa miongoni mwa wapigaji wa mwaka 1950. Hilo ni jema. Lakini ilipita zaidi ya miaka 60 kabla ya wenye wimbo kuulizwa maana ya wimbo wao. Na wale wasichana wengine walioitikia, santuri iliwaita "wasichana wa Kikipsigisi", basi.

Sasa turudi kwetu. Tusidhani haya ni ya watu wa bara peke yao.

Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri za kampuni ya HMV. Sauti yake ikafika Lamu na Mombasa katika nyumba za watu ambao hawakuwahi kumtia machoni. Lebo ya santuri za HMV ilikuwa na picha ya mbwa aliyeinamisha kichwa mbele ya paipu ya gramafoni, akiisikiliza sauti ya bwana wake. Kampuni ya Victor ya Marekani, iliyomrekodi Jimmie Rodgers, ilikuwa na mbwa yule yule. Basi Siti na Rodgers walizunguka chini ya nembo moja. Nembo ile ina fikira yake: kwamba msikilizaji hudanganyika, akadhani bwana yumo ndani ya chombo. Ndiyo fikira iliyomfanya mtu aamini upesi kwamba Wakipsigisi waliabudu santuri. Siti alifariki mwezi wa Julai mwaka 1950, mwaka ule ule wasichana wa Kapkatet waliponaswa sauti. Walikuwa wakilikanusha lile lebo bila ya kujua. Wao hawakumtafuta bwana ndani ya paipu; walitunga wimbo.

Hali kadhalika wazee wetu waliozoea sinema za Kihindi wanajua vyema kwamba midomo iliyofunguka ilikuwa ya mwigizaji, na sauti ilikuwa ya Lata Mangeshkar aliyekaa studioni. Kisha marehemu Mohamed Khamis Juma Bhalo akazichukua tuni za filamu zile, akazivika mashairi ya Kiswahili, hata watu wakalia nazo harusini kama kwamba zilizaliwa Mombasa. Kama kulifanya la mgeni kuwa lako ni ujinga, basi sote wa Pwani ni wajinga. Mimi nasema ni ufundi, na Kapkatet waliujua.

Ninachokihofia si picha zenyewe. Tarehe mosi Agosti 1981, kituo cha televisheni cha MTV kilipofunguliwa Marekani, filamu yake ya kwanza ilikuwa ya kundi la Buggles, kwa wimbo ambao jina lake ladai kwamba video imemwua nyota wa redio. Miaka zaidi ya 40 imepita, na redio ingali juu ya kabati la maandazi pale Kericho. Ni kweli kwamba filamu za leo hazina subira ya ile ya mwaka 1929. Hukata picha kila baada ya kufumba na kufumbua, zikamwelekeza mtazamaji wapi atazame na ahisi nini, asibakiwe na pengo la kutia paa wake. Lakini mtu anaweza kuzima sauti, au kufumba macho. Mtazamaji si mfungwa.

Ninachokihofia ni jalada. Ninahofia maelezo yanayoandikwa juu ya nyimbo zetu na watu wasioulizana nasi, kwa sababu sisi wenyewe hatukuandika lolote. Usilolijua ni usiku wa giza, na katika giza hilo kila mpita njia atachora atakalo. Leo nyimbo za taarabu za zamani zinapandishwa katika mitandao kila siku, aghalabu bila jina la mtunzi wa shairi, bila jina la mpiga udi, na picha ya machweo ya jua iliyookotwa popote. Anayesikiliza mbali atajaza pengo kwa alichonacho. Asilaumiwe.

Niliporudi nyumbani nilifungua sanduku la kanda za marehemu baba yangu. Nyingi zina namba tu, au neno moja, "harusi". Sauti zimo, na nyingine bado ni safi, lakini sikuweza kujua ni harusi ya nani wala ni nani anayeimba. Ikanibidi nimwendee shangazi yangu, mwenye umri wa miaka themanini na ushei, nikamwekea kanda moja baada ya nyingine. Akisikia beti mbili tu hutaja mwimbaji, mtunzi, mtaa, na hata ugomvi uliosababisha shairi litungwe. Mimi naandika. Tumemaliza kanda kumi na moja, na sanduku lingali na nyingi.

Basi ombi langu kwa wasomaji ni hilo tu. Kila nyumba ina sanduku kama lile na shangazi kama yule. Chukueni kalamu na kipande cha karatasi, mkae naye baada ya alasiri, mumwulize: huyu ni nani, alikuwa akiimba nini, na alikuwa akimwambia nani? Andikeni jibu lake, mlibandike juu ya kanda. Na wale walioitikia nyuma, andikeni majina yao pia.